Nati ya Lori Jekundu

Jumatatu, 4 Machi
Habari tamu! Fundi mkuu wa gereji yetu ya malori anastaafu. Bosi atamtangaza mrithi Ijumaa. Tumebaki wawili kwenye kinyang'anyiro: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Yeye ana spana tu. Mimi nina kipaji! Nimemwuliza mke wangu yuko upande wa nani. Kasema nile kwanza, chakula kinapoa. Dalili nzuri.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata mbinu! Bosi huwahusudu mafundi wanaotambua ubovu kwa sikio. Basi nitaharibu kitu kimoja, kisha nitakigundua mbele yake. Nimechagua bomba la hewa ya breki la lori jekundu, nyuma kushoto. Hewa ikiisha, breki zinakaba zenyewe, lori halisogei hata kidogo. Mimi mjanja, si muuaji.

Jumatano, 6 Machi
Wenzangu walipokwenda kula, nikajipenyeza chini ya lori jekundu. Nati nikailegeza. Psssss! Muziki mtupu! Nikatoka na grisi mpaka kwenye nyusi. Shemeji akauliza nilikuwa natafuta nini kule. Nikamwambia kivuli.

Alhamisi, 7 Machi
Siku yangu! Kabla dereva hajawasha injini, nikamwita bosi na gereji nzima. Nikapiga magoti, nikafumba macho, nikatega sikio. Nikatangaza kwamba bomba la nyuma kushoto linavuja, nausikia mlio wake waziwazi! Shemeji akaingia chini, akakuta nati imelegea kweli. Makofi! Nilikaribia kulia kwa furaha.
Kisha huyo huyo shemeji akapanda kwenye kiti cha dereva na kumwomba bosi atazame geji ya hewa. Mshale umelala kwenye sifuri. Hewa yote ilikwisha toka jana, na injini inayoijaza haijawashwa! Akauliza, kwa upole wa kuudhi, nimesikiaje mlio wa hewa isiyokuwemo. Nikasema ni mwangwi. Wote wakaangua kicheko, isipokuwa bosi.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji ndiye fundi mkuu. Mimi nimepewa brashi, niyasugue malori yenye matope. Nyumbani mke wangu amempikia kaka yake, naye amekaa kwenye kiti changu! Nimekula kwenye stuli, nikiwaza sana. Lazima niseme ukweli: nilikosea, tena vibaya.
Ningewasha injini kwanza.
Kuna lori la bluu limeingia leo jioni. Nati zake ni laini ajabu!