Maputo ya Kupamba kwa Bi Zainab

Jumatatu, 2 Februari
Fursa! Bi Zainab anamwoza binti yake mkubwa Ijumaa, kabla ya mwezi wa mfungo kuingia. Anataka maputo yanayoelea ukumbini usiku wa kupamba, wanawake wakija kumtazama bibi harusi. Nikimfurahisha, nitathubutu kumposa binti yake mdogo, Nasiba. Tatizo ni Shukri, mpambaji mwenzangu, naye anamtaka Nasiba. Ana heliamu, ana gari, ana meno mazuri. Nikamwambia Bi Zainab kwamba maputo yangu hupaa zaidi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikaapa. Kazi nimepewa!

Jumatano, 4 Februari
Heliamu hakuna Malindi nzima. Shukri kainunua yote, hasidi mkubwa! Nikaenda Kaloleni kwa Gerishom, fundi wa kuchomea vyuma. Ana mtungi wa haidrojeni umekaa tu. Nikajaza puto moja. Likaniponyoka, likapita minazi! Gesi hii ni nyepesi kuliko heliamu. Akili ni nywele, na mimi zangu ndefu.

Ijumaa, 6 Februari, magharibi
Maputo yote yako darini. Nasiba alikuja kuyatazama, akatabasamu. Kwangu au kwa maputo, sijui.

Nikampigia simu dada yangu Afiya, mwalimu wa kemia kule Junju, nijisifu. Akaniita mpumbavu. Akasema heliamu ina elektroni mbili na nafasi zake ni mbili tu. Nyumba imejaa, haimtafuti mtu, haigombani na mtu. Haidrojeni ina moja, imepungukiwa. Ikiguswa na moto tu, inaivamia oksijeni hewani na kulipuka. Nikamwambia mbona huyo ni mimi hasa. Hakucheka. Akauliza nani atapitisha chetezo cha udi usiku huu.

Chetezo! Makaa ya moto!

Ijumaa hiyohiyo, baada ya isha
Nilikimbia na ndara moja. Mlangoni mama wawili wakanizuia. Kupamba ni kwa wanawake, wamevua mabuibui, mwanamume haingii. Nikasema maputo yatawaka. Wakasema kila kijana wa kuchungulia huja na kisingizio chake. Nikawasihi wamwite Bi Zainab. Wakasema ana kazi, ndiye aliyeshika chetezo.

Buuu! Kisha vigelegele. Nusu ya wageni walidhani ni sehemu ya mapambo. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Ila nyusi za Bi Zainab hazipo tena.

Jumapili, 8 Februari
Nilikwenda kuomba radhi. Bi Zainab amejichora nyusi kwa wanja, mmoja umepanda juu kuliko mwenzake, ikawa kama ananishangaa muda wote. Akasema amekubali posa ya Shukri kwa Nasiba. Kijana mtulivu, akasema. Nyuma ya pazia nilimsikia Nasiba akicheka. Imeniuma. Sikula mchana kutwa.

Jumatatu, 9 Februari
Nimetafakari. Haidrojeni haina kosa, kosa ni la chetezo. Na mtungi bado una gesi. Nimepata kazi ya harusi Mambrui, na bibi harusi ana mdogo wake, Kibibi, mashallah! Safari hii niko makini. Ni uwanjani, upepo tele, hakuna udi, hakuna kaa hata moja. Nimewauliza mara mbili. Wamenihakikishia kwamba ni fataki tu.