Seleniamu Iliyomfungua Masikio Mama Mkwe

Kwa Mkuu wa Maabara ya Sola,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mitambo yako. Sisi huku ni wazima wa mwili. Ya moyoni ndiyo haya.

Mama mkwe wangu, ninayeishi naye na ambaye ni mzito wa kusikia, amejitolea kuwafanyia majaribio ya kile kifaa cha kusikilizia kisicho na betri, kinachopata umeme kutoka kwenye kibamba kidogo cha sola anachokibana begani. Sina ugomvi na sayansi. Mimi ni fundi makochi, najua kitu kilichotengenezwa vizuri nikikiona. Hiki chenu kimetengenezwa vizuri kupita kiasi.

1. Kibamba cha kwanza kilikuwa cha silikoni, nacho kilitaka jua. Mama akiwa uani alisikia. Akivuka kizingiti, kimya. Tuliishi kwa amani sana: uani tulimsifu, ndani tulimsema.

2. Kisha mkaleta cha seleniamu. Mtaalamu wenu alitueleza, huku akitabasamu, kwamba ni nusu-kipitishi, yaani hupitisha umeme nusu tu, na inaridhika hata na mwanga wa taa ya sebuleni. Jioni ileile nilimnong'oneza mke wangu kwamba chai ya mama yake ingefaa kuoshea brashi za gundi. Mama, kwenye kochi la pili, akanishauri nizilete hizo brashi. Nusu gani hiyo, inayopitisha yote?

3. Ikabidi tuwe tunazima taa tukitaka kuzungumza. Shemeji, mdogo wa mke wangu, aliketi gizani juu ya misumari yangu. Mimi niliamkia koti lililotundikwa ukutani, nikangoja liitikie. Majirani, kwa kuona nyumba giza kila jioni, walikuja kutupa pole ya msiba, na hatukuwa na uso wa kuwaambia kwamba tunasengenya tu. Hata giza lenyewe si la kuaminika: shemeji alifungua friji katikati ya sentensi, na kile kitaa cha ndani kikamtosha Mama mpaka mlango ulipofungwa. Alipata jina lake na neno "mzigo".

4. Juzi tulikuwa jikoni, taa tumesahau kuizima, tukipanga Mama ahamie kwa mwanawe mkubwa ili chumba chake niwekee sponji za makochi. Kumbe yuko mlangoni. Aligeuka, akarudi chumbani kwake. Mtu asiyekosa jibu akinyamaza, nyumba nzima inaumwa, na mimi nailaumu seleniamu.

Kwa hiyo naomba muifunze adabu, ifanye kazi uani peke yake. Ikishindikana, tengenezeni taa isiyo na mwanga. Na hilo nalo likishindikana, irudisheni kwenye shampuu ya mba, ambako inakaa kichwani mwa mtu bila kumletea maneno ya watu.

Nisalimie wataalamu wote, mlinzi wa getini, na hasa huyo anayetabasamu.

Wako mwenye staha,
Fundi Makochi,
mkwe wa mshiriki wenu

N.B. Kabla sijafunga bahasha, nimekuta kibamba mezani kimelazwa kifudifudi. Mama amekivua mwenyewe. Anasema amesikia ya kutosha. Sasa taa zote zinawaka na tunasema tutakavyo, ila hakuna raha ya kusema. Tafadhali msibadilishe chochote. Tumeni mtu aje ambembeleze akivae tena. Mimi nimemwomba radhi, nimepiga magoti, nimepaza sauti mpaka majirani wamejua kosa langu. Hanisikii.