Ukungu Kwenye Skrini Mpya

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Nimenunua skrini! Inchi ishirini na saba. Mpya, ya kwenye boksi. Nimeibeba begani kutoka maduka ya jumla ya mjini mpaka Joubert Park, nikikwepa watu kama nimebeba mtoto mgonjwa. Miaka tisa Johannesburg, na hiki ndicho kitu cha kwanza cha dukani nilichokiweka kazini. Vingine vyote vilishatumiwa na watu.

Vipya ninavyo, ila viko uvunguni. Blenda, pasi, seti ya sufuria sita. Vyote na maboksi yake, vinasubiri siku tutakayorudi Tanga. Zuhura, mke wangu, ameniuliza tena leo siku hiyo ni lini. Anapikia sufuria isiyo na mkono. Nikamwambia avute subira.

Skrini nimeiacha na nailoni yake. Ile ya kiwandani, iliyobandikwa juu ya kioo. Kitu ukishakivua nailoni kimekwisha, kimekuwa cha mtumba. Nimetangaza ofisini kwamba atakayeigusa tutagombana.

Ofisini, yaani kona yangu. Chumba ni cha Mama Thérèse, fundi cherehani wa Lubumbashi. Yeye ndiye mwenye mkataba na jengo. Mimi nakaa dirishani na kompyuta yangu, natengeneza kadi, CV na mabango. Pitchou, fundi simu, anakaa nyuma karibu na mlango wa choo, na kila siku anaiangalia kona yangu kwa jicho la husuda.

Leo Mama Thérèse kaniita. Kanisa la Pasta Ignace linatimiza miaka kumi Jumapili. Mabango yanatakiwa Jumamosi. Yakitoka vizuri, nabaki dirishani. Yakitoka vibaya, dirisha linakuwa la Pitchou na mimi nahamia mlangoni kwa choo. Kasema bila kucheka. Nikajibu hamna shida hata kidogo.

Nikawasha skrini.

Ukungu! Herufi zimevimba, kama nazisoma kupitia mvuke wa chungu. Mwezi uliopita tu niliifuta ile programu ya kuendeshea kompyuta wanayotumia watu wote na kuweka Linux, mbele ya Pitchou, tena kwa hotuba. Nilisema programu huria ni ya wanaume, ya kina Pitchou ni ya watoto. Sasa nitamwomba nani msaada?

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeamka na jibu. Ni resolusheni, ule wingi wa nukta za picha! Nikaingia kwenye mipangilio, nikabadilisha. Vitu vyote vikawa vikubwa, alama ya kufungia ikajaa nusu ya skrini. Nikabadilisha tena. Vikawa vidogo kama sisimizi. Nikabadilisha mara ya tatu. Giza.

Nilisoma kila dua ninayoijua. Baada ya sekunde kumi na tano ikarudi yenyewe. Pamoja na ukungu wake.

Wateja wameanza kukunja nyuso. Nikabuni mbinu. Nimewaambia huo si ukungu, ni teknolojia ya kulinda macho. Mama mmoja wa Kigoma kaiamini kabisa. Akasema tangu akae pale kichwa kimeacha kumgonga. Akaniletea na shoga yake aje kuangalia.

Pitchou alikuwa anasikiliza. Akaniuliza kwa upole, ule upole wake wa kunichoma, kama yote iko muzuri, grand, yaani kaka. Nikamwambia aangalie simu zake.



Jumatano, 8 Oktoba

Ni kebo! Nimewaza usiku kucha kwamba ni kebo.

Pitchou alipotoka kwenda kununua chakula pale rank, kituo cha teksi, nikabadilisha kebo za skrini zetu. Yake kwangu, yangu kwake. Mama Thérèse kanipa mgongo na cherehani yake inalia. Nikawasha.

Ukungu uleule. Na kwa Pitchou, kwa kebo yangu, skrini yake ya zamani yenye ufa inang'aa! Unaweza kuhesabu nyusi za mtu. Eish. Nilikaa chini nikajishika kichwa. Kumrudishia kebo sikuwahi, alishaingia.

Basi, ni dereva. Dereva wa skrini, ile programu ndogo inayoongea na kioo. Nikafungua kile kidirisha cheusi, nikaandika amri ndefu nilizozitoa mtandaoni, nyingine sizielewi hata herufi moja. Kompyuta ikapakua kwa saa mbili. Ikazima, ikawaka. Ukungu.

Nikaandika kwenye jukwaa la wataalamu la mtandaoni, kwa Kiingereza kizito, nikaeleza yote. Mtu mmoja akaniuliza kama kuna kitu chochote mbele ya kioo. Hasira zikanipanda! Nikamjibu kwamba mbele ya kioo nipo mimi, Karimu, mwenye uzoefu wa miaka kumi na mmoja. Hakujibu tena. Watu wa jukwaani hawana adabu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku mbili zimebaki. Sina budi kulitengeneza bango hivyohivyo.

Picha ya Pasta Ignace kwenye skrini yangu ni doa la kahawia lenye tai. Lakini programu ina kitufe cha kunoa picha, ukikibonyeza sura inajichora zaidi. Nikabonyeza. Kidogo. Nikabonyeza tena. Ilipofika mara ya kumi na nne, macho yakaonekana, pua ikaonekana, Pasta mwenyewe akatokea. Kijana, nadhifu, miaka thelathini na minane. Nilifurahi nikapiga meza.

Nikamtumia Mama Thérèse kwa WhatsApp, ingawa tumekaa mita tatu. Akaangalia simu yake muda mrefu. Akaniuliza huyu papa mzee, yaani baba mzee, ni nani. Nikamwambia simu yake imechoka.

Nikamtumia Zuhura. Akajibu haraka: pole kwa msiba, amefariki lini?

Jamani! Nikaifungua kwenye simu yangu mwenyewe nihakikishe. Kijana, nadhifu, laini. Na simu yangu ni nzima, mwaka wa pili huu bado ina nailoni yake. Basi zao ndizo mbovu.

Halafu woga ukaniingia, woga hasa. Je, kama ni macho yangu? Fundi wa mabango asiyeona! Nikasimama dirishani nijipime. Nikasoma kibao cha saluni ng'ambo ya barabara. Nikasoma namba ya simu ya nabii iliyobandikwa kwenye nguzo. Nikasoma namba ya teksi iliyosimama kule kwenye robot, taa za barabarani, mpaka maandishi ya nyuma yake. Macho mazima. Nilishukuru Mungu, halafu nikaogopa zaidi, maana sasa sijui kabisa ni nini.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimetoka msikitini nikaenda moja kwa moja Marshalltown, kwenye mashine kubwa za kuchapisha. Foleni ndefu. Wakanipa bango moja la mfano, mengine kesho baada ya kulithibitisha. Yule kijana wa mashine alilitazama, akaniuliza kama huyu ndiye babu mwanzilishi. Nikalikunja haraka bila kulitazama. Nilijiambia naharakisha. Kweli ni kwamba niliogopa.

Nikalibandika dirishani, sura ikitazama barabarani, mimi nikabaki upande wa mgongo wake. Pitchou aone! Watu wakaanza kusimama. Nikatabasamu. Mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba na kuongeza mwendo. Nikaacha kutabasamu.

Nikatoka nje kutazama.

Mtume! Kila kikunjo. Kila kinyweleo cha ndevu kama waya wa stimu. Vitundu vya ngozi, chunusi za ujana wake, mishipa ya macho. Mtu wa miaka thelathini na minane nimempa themanini na mmoja.

Na nani anakuja kwa miguu kutoka upande wa Park Station? Pasta Ignace mwenyewe, na Biblia kwapani. Nilitamani ardhi inimeze. Alisimama mbele ya bango. Akagusa shavu lake. Akagusa shavu la karatasi. Kisha akaniambia, kwa sauti ya kuvunjika, kwamba madam wake amekuwa akimwambia kila siku apumuzike, na hakumusikiliza. Akaondoka polepole. Nilimwonea huruma mpaka machozi yakanilenga, nikashindwa hata kumwita.

Mama Thérèse hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alivua tepu ya kupimia shingoni, akapima meza yangu. Urefu, upana. Akamtajia Pitchou vipimo, Pitchou akaviandika kwenye kiganja. Kisha akaniambia anataka mabango mazuri kesho saa sita mchana, na si dakika moja zaidi.

Sijamwambia Zuhura. Watu wote wa Tanga wa mji huu wananijua kama Karimu wa dirishani. Nikiwa Karimu wa chooni, nani atanipa kadi ya harusi ya binti yake?

Jumamosi, 11 Oktoba

Saa tatu asubuhi niliamua kufuta kompyuta nzima na kupandikiza Linux upya. Kazi za miaka mitatu ziende, potelea mbali. Kidole kipo juu ya kitufe. Nyuma yangu Pitchou ameshaanza kufungasha simu zake kwenye ndoo, anaimba.

Zuhura akaingia na chai na mihogo. Hajawahi kuja ofisini asubuhi. Kumbe Mama Thérèse alimpigia simu jana, akamweleza kwamba mumewe haonekani mzima. Akanitazama, akaitazama skrini. Akauliza vile viputo ni vya nini. Nikamwambia asiguse. Akauliza kile kikona kilichonyanyuka ni cha nini. Nikamwambia Zuhura, tafadhali, hili ni tatizo la kitaalamu.

Akaingiza ukucha. Akavuta.

Khraaaaaa!

Nilipiga ukelele kama nachunwa mimi. Watu wa saluni waliingia wakidhani ni wezi. Na pale mezani, Mungu wangu, mwanga! Rangi! Herufi zimekatwa kwa wembe. Na Pasta Ignace kajaa skrini nzima, na vinyweleo vyake vyote, ananiangalia kama siku ya hukumu. Nikaona nilichomfanyia mtu wa watu.

Pitchou akaacha kuimba.

Nilitengua kunoa kote, mara zote kumi na nne, kwa dakika moja. Pasta akarudi ujanani. Nikakimbia Marshalltown na flashi mdomoni, nikarudi saa sita kasoro dakika tatu na mabango motomoto. Mama Thérèse akalikunjua la kwanza. Akatazama, akatazama. Akarudisha tepu shingoni. Akasema hapo sawa, Papa Karimu, na akamwambia Pitchou arudishe ndoo yake. Nilikaa chini.

Pitchou akaniuliza tatizo lilikuwa nini hasa. Nikamwambia dereva. Zuhura alinitazama, nailoni ikining'inia mkononi mwake, ila kwa wema wake akanyamaza. Nailoni nikaikunja vizuri nikaitia mfukoni.

Tulipofika nyumbani Zuhura akaenda moja kwa moja kitandani. Akapiga magoti, akavuta boksi la sufuria kutoka uvunguni, akalichana. Akapika pilau kwenye sufuria kubwa inayong'aa. Akaniambia miaka tisa tunaishi kama wageni ndani ya chumba chetu wenyewe. Pilau lile lilikuwa tamu, nilikula sahani tatu. Niliona aibu, aibu ya kweli, na nikamwambia.

Nimejifunza. Wallahi nimejifunza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku njema! Pasta Ignace kapita dirishani asubuhi na kunipungia mkono, uso umenawiri. Na Nasra, binti wa mwenyekiti wetu wa watu wa Tanga, kaleta kazi: kadi za harusi yake, na picha yake na mchumba wake. Anazitaka Alhamisi. Nikipatia hii, Tanga nzima itakuja dirishani kwangu.

Tatizo ni upepo. Mvua inajivuta, vumbi la barabarani lote linaingia, na skrini yangu iko wazi, uchi. Nasra mwenyewe kaigusa kwa kidole chenye mafuta ya sambusa kunionyesha mchumba. Nilihisi kidole kile kwenye ubavu wangu. Siku mbili tu na tayari ina alama tano. Nimezihesabu. Nilijaribu kuirudisha ile nailoni ya kiwandani, lakini imekunjamana, haishiki.

Nikapata wazo. Nimekwenda duka la jumla nikanunua nailoni nyingine, ile nene ya kufunika meza za watu. Nimeivuta vizuri, nimeibandika kwa gundi ya karatasi pande zote nne. Imekaa kama ngoma! Hata Pitchou kaja kutazama, kaondoka anatabasamu. Wivu.

Saa kumi jioni. Nimefungua picha ya Nasra. Sura yake ina ukungu kidogo. Nimekumbuka asubuhi Linux ilijisasisha yenyewe. Ni dereva, hakuna kingine. Nimeshawaandikia tena wale wa jukwaani, na leo nimewaambia kabisa wasiniulize maswali ya kitoto.

Kwa sasa nimeinoa picha kidogo tu. Mara sita.