Kagwe, Diwani Asiye na Chama

Jumatatu, Agosti 1, 2005. Kitale.
Diwani wetu amejiuzulu, amehamia kwa bintiye Amerika. Kiti kiko wazi! Nimeketi dukani kwangu kati ya mbao, nikitazama mawingu yakishuka Mlima Elgon, nikajiona meya. Nitasimama. Bila chama. Vyama ni vya kondoo. Mimi ni mtu huru. Mke wangu, Wamboi, ameuliza kama mtu huru anaweza kufagia vumbi la mbao.

Jumatano, Agosti 3.
Karani wa uchaguzi anasema sheria haimtambui mtu huru. Lazima nidhaminiwe na chama. Nikamweleza kwamba nadhaminiwa na dhamiri. Akauliza chama hicho ofisi yake iko wapi. Nyuma yangu kwenye foleni alisimama Agneta, mwenyekiti wa akina mama wauza mboga, na cheti cha chama kikubwa. Amenisalimia vizuri sana. Ujanja huo!

Ijumaa, Agosti 5. Bungoma.
Nimepata chama! Mwenyekiti ni Mzee Khaoya, kinyozi nyuma ya soko. Wanachama ni yeye na shemeji yake. "Chama chetu ni cha watu hulu kama wewe, mheshimiwa," amesema huku akininyoa. Mheshimiwa! Nikafumba macho. Nikaona gari lenye bendera, na watu wa wadi yetu wakiimba kando ya barabara. Nilipofumbua, cheti kilikuwa tayari. Upande mmoja wa kichwa haukuwa na nywele. Alama yetu ni kitanda. Chui alishachukuliwa.

Jumamosi, Agosti 13.
Mkutano wa kwanza. Mvua ilisomba daraja la miguu la mtoni, na akina mama wanavuka majini na mizigo. Juzi mtoto wa Jerop, muuza kabeji, aliponea chupuchupu. Basi nikaahidi daraja la chuma, lenye taa, na viti vya kutazamia machweo. Nilieleza zile taa hadi nikaziona. Kumbe watu walishaondoka. Alibaki ng'ombe, na vijana wakipaza sauti: "Lala salama, mheshimiwa!" Wananipenda.

Jumanne, Agosti 16.
Usaliti! Agneta na akina mama wanajenga daraja. Mbao safi, zimekauka vizuri. Mbao zangu! Wamboi amewafungulia stoo. Nilimuuliza kwa nini. Alisema mto haungoji kura. Basi nikapata mpango.

Ijumaa, Agosti 19.
Nilifika darajani mapema na utepe mwekundu. Nikatangaza: mbao ni zangu, kwa hivyo daraja ni langu. Nyuma yangu akaja Jerop, mtoto mgongoni, gunia kichwani.
"Mzee Kagwe, si uhutubu ukitembea? Sisi tunapita bana."
Nikahutubu nikitembea. Ng'ambo, hakuna aliyesimama kunisikiliza. Ila mtoto aligeuka, akayachekea maji yaliyokuwa chini yake. Nikatia mikono mfukoni, pamoja na utepe. Ni baridi tu.

Ijumaa, Septemba 2.
Agneta ameshinda. Mimi nimeshindwa hata na kura zilizoharibika. Usiku nimemuuliza Wamboi alimpigia nani.
"Agneta," amesema, akiendelea kumenya viazi. "Ati huru ni wewe peke yako?"
Kisha amenipakulia nyama kubwa kuliko zote, akaketi karibu yangu. Mvua ilipiga mabati vizuri sana.

Jumatatu, Septemba 5.
Diwani Agneta amekuja dukani mwenyewe. Amenishukuru mbele ya wateja, akaniomba nisimamie matengenezo ya daraja, maana kazi hiyo inataka mtu anayejua mbao. Wamboi alinitazama kwa matumaini. Nimekataa kwa upole. Nimefikiri sana: mtu anayeshindwa vibaya hivi katika wadi, ni wazi wadi ni ndogo mno kwake. Ubunge! Nimeanza mazoezi ya kupunga mkono polepole, kama mtu aliye ndani ya gari kubwa. Jerop, akipita na kabeji zake, amenipungia pia.
Kura ya kwanza hiyo!