Mringaringa wa Shambani kwa Mkwe

Akheri, Mei 1912

Kwa Bwana Mpimaji, Bomani Arusha.

Bwana mheshimiwa,

Nakusalimu kwa adabu. Mwili ni mzima, ila moyo umechubuka. Mimi ni Mikaeli Lomayani, mwanafunzi wako katika darasa la wasaidizi wa upimaji, yule unayemkemea kwa kuchongea kalamu sakafuni. Jumatatu ya juma lililopita ulitupa hesabu ya kufanyia nyumbani: kila mmoja atafute mti mrefu, ahesabu hatua arobaini kutoka shinani, aupime kwa ule ubao wa pembe wenye uzi na jiwe, kisha atazame orodha ya tangensi, zile namba za kila pembe, na kusema mti una mita ngapi bila kuupanda. Nilileta jibu: mita ishirini na mbili. Ukalikata kwa wino mwekundu na kuandika neno moja tu, "Umesaidiwa".

Neno hilo limenichoma, Bwana. Ijumaa utachagua kwa mtihani nani abebe darubini ya kupimia na nani abebe vigingi, na mama yake Tabea, mchumba wangu, amekwisha sema kwamba binti yake haolewi na mbeba vigingi. Basi nisikilize. Sikusaidiwa. Nilizuiwa, na nilizuiwa hivi:

1. Mti mrefu kuliko yote hapa kwetu ni mringaringa ulioota shambani kwa mkwe wangu huyo, naye mchana kutwa hukaa chini yake akimenya ndizi. Wajua kwamba kwetu mtu hamkabili mkwe wake, wala jina lake halitaji. Kila nilipoinua ubao jichoni alidhani namtazama yeye, akajifunika nguo kichwani na kukimbilia migombani. Siku tatu, Bwana! Ndizi zake ziliungua chunguni mara mbili. Mwishowe nikageuka, nikaupima mti kwa kisogo.

2. Njia ya hatua zangu arobaini hupitiwa na ng'ombe wa Mzee Saning'o, jirani yetu, wakienda kunywa maji. Nilikuwa katikati yao nikisema kwa sauti, thelathini na nane, thelathini na tisa, yeye akanisikia. Ng'ombe hawahesabiwi, Bwana, anayewahesabu ni kama anawaaga, watakufa. Jioni mmoja akakohoa. Wazee wakakaa baraza, nikaamriwa kupeleka kibuyu cha asali, na tangu hapo nikihesabu hatua wazee wawili hutembea kando yangu wakinichunga midomo. Nimehesabu kimoyomoyo nikapotea mara sita.

3. Siku ya kwanza mti ulikuwa na mita nne. Siku ya tatu ulikuwa na mita mia tatu na kumi. Mvua za Meru zinakuza, lakini si kiasi hicho. Baba mdogo Sumari, ambaye mizinga yake imo mtini humo, aliposikia hesabu hiyo alishuka mbio, na hadi leo hataki kupanda. Sasa hata ile asali niliyotozwa sina pa kuipata.

Kwa hiyo naiomba serikali itoe amri kwamba saa za hesabu wakwe wote wa Meru watazame upande wa Kilimanjaro. Ikishindikana, mti uhamishiwe bomani. Ukiwa mzito, basi tupewe kupima vitu visivyo na ukoo, kama mwezi, au mnara wa boma lenu, ambao sijasikia kwamba una mama mkwe.

Nisalimie mpishi wako, askari wa langoni, na yule nyumbu aliyenipiga teke, sina kinyongo naye. Hapa wote wanakusalimu, pamoja na ng'ombe, ambao sitasema ni wangapi.

Ni mimi mwanafunzi wako mtiifu, asiyesaidiwa na mtu yeyote,
Mikaeli Lomayani

Nyongeza: Tabea ameisoma barua hii, akakataa kuipeleka mpaka niseme yaliyobaki. Mkwe alipochoka kukimbilia migombani, alisimamisha mwiko wake uani. Kivuli cha mwiko kilipolingana na mwiko wenyewe, akatandaza kamba juu ya kivuli cha mti toka shinani hadi kileleni, akaikata, akamtuma Tabea aniletee. Nikaipima: mita ishirini na mbili. Kwa jibu hilo tangensi sikuzigusa. Wino wako ulisema kweli, nisamehe.

Mkwe amesema pia kwamba kijana anayekubali kupima mti kwa kisogo ili asimwaibishe mkwe wake anamfaa, na harusi ni baada ya mavuno, iwe darubini au vigingi. Nimefurahi, Bwana, hata tangensi sasa nazipenda! Ila yeye mwenyewe anataka kuja Ijumaa kufanya mtihani. Ukimchukua, na najua utamchukua, mimi nipe vigingi, unipeleke kilima cha pili, kwani mtu na mkwe wake hawashiki ncha mbili za mnyororo mmoja wa kupimia. Kwa jina lake la kuandika daftarini niliacha nafasi hapa chini, maana mimi silitaji. Tabea ndiye aliyeijaza.

Nkasiogi