Andika Thelathini na Nne

Jumapili, 22 Februari

Leo nimefanya ujinga mbele ya kwaya nzima. Naandika haraka kabla sijaanza kujitetea.

Baada ya ibada tulipanga foleni nje ya kanisa kupimwa suti mpya za safari ya kwenda kuimba Mlali, tarehe 15 Machi. Fundi ni mama Sikudhani, Mrangi wa Kondoa, ana cherehani yake karibu na nyumbani kwetu, Chang'ombe ya hapa Dodoma. Anapima huku anatangaza namba kwa sauti. Angelina, katibu wa kwaya, anaandika kwenye daftari. Angelina! Yule ambaye nikitaka kumsalimia sauti yangu inapanda na kuwa kama ya wasichana wa sauti ya kwanza.

Mbele yangu alikuwa Apolinari. Sote wawili tunaimba sauti ya tatu, na hajawahi kunisamehe kwa hilo. Kiuno thelathini! Akageuka kututazama kama aliyepata divisheni wani. Kisha mimi. Fundi akazungusha tepu, akaniambia nipumue kawaida, acha kubana tumbo mwanangu, akatangaza: thelathini na nane! Kalamu ya Angelina ikashuka. Hapo nikausikia mdomo wangu unasema: "Andika thelathini na nne. Nimeanza jimu."

Sijaanza jimu. Sijui hata mlango wa jimu unafungukia ndani au nje.

Fundi akauliza kama nina hakika, maana kitambaa ni cha kuhesabu, akishakata hana cha kuongezea. Nikasema nina hakika sana. Apolinari alicheka mpaka akakaa chini.

Kibaya zaidi: mwalimu wa kwaya amenipa ubeti wa pili niimbe peke yangu. Mara ya kwanza maishani. Sasa fikiria. Nikifunga kifungo cha 34, sipumui. Nisipopumua, siimbi. Nikiimba, kifungo kinaruka hadi madhabahuni.

Wiki tatu. Inchi nne. Hesabu nilipata C, lakini hii naiweza.

Jumanne, 24 Februari

Nimeanza. Jimu ni ua wa nyumba ya Kocha Leonard. Vyuma vyake ni mabomba yaliyochomekwa kwenye makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Kocha akaniuliza lengo. Nikasema inchi nne. Akauliza za kuongeza au kupunguza. Nadhani alikuwa ananifariji.

Nimechuchumaa na kuinuka mara arobaini. Kurudi nyumbani nilipanda ngazi mbili za barazani kwa makalio.

Mama alikuwa amepika ugali wa uwele na mlenda wa karanga. Kwa mama, mtu anayetoka jasho bila kufukuzwa na mbwa ni mgonjwa. Akaongeza karanga. Sikukataa: Kocha amesema misuli inataka protini, na karanga ni protini, tulisoma kidato cha pili. Nikala kisayansi. Sahani mbili.

Ijumaa, 27 Februari

Kocha hana mzani, anasema mzani huvunja watu moyo. Nikaona niende kwa mzee Bartolomayo, anayenunua mahindi na alizeti. Nilichagua saa nane mchana, watu wamelala. Nikamwamkia, nikamwomba kwa sauti ya chini sana. Akanielekeza nipande palepale penye magunia.

Nilisahau jambo moja. Mzee Bartolomayo miaka yote anapima huku karani wake ameketi kule mwisho wa ghala.

"Themanini na nne na nusu!" akapiga kelele. "Toa kilo moja ya gunia!"

Wamama watatu wakachungulia kutoka nyuma ya magunia. Mmoja akauliza kama mimi ni wa mavuno ya mwaka huu au ni mzigo wa mwaka jana.

Ila ile kilo ya gunia imetolewa rasmi. Kwa hiyo nimeshapungua moja.

Jumatatu, 2 Machi

Apolinari kajiunga jimu! Anadai amekuja kunitia moyo. Hasemi tena Elieza, anasema Thelathini na Nne. Shikamoo Thelathini na Nne. Thelathini na Nne, mbona umekaa? Yeye anachuchumaa mara sitini huku anapiga mluzi ule ubeti wangu wa pili. Najua anachokitaka. Anangoja kifungo changu kiruke ili yeye adakie wimbo.

Mbinu mpya: jasho. Nimevaa koti la mvua la baba nikakimbia saa saba mchana, jua la Dodoma likiwa kichwani, kuelekea mlima Imagi. Watoto wa chekechea walikuwa wanatoka shule. Wakanifuata mstari mzima wakiimba kuwa mvua inakuja.

Kwa mzee Bartolomayo: themanini na nne na nusu. Hata nukta haikusogea! Nikamuuliza kwa adabu kama mzani haujakwama. Akaudhika. Akapandisha gunia analolijua ni kilo mia, likasoma mia. Akanitazama muda mrefu. Gunia nalo kama lilinitazama.

Jumatano, 4 Machi

Nimeamua kukiri. Kitambaa huenda bado hakijakatwa. Nimefanya mazoezi ya kukiri kwa Kiingereza mbele ya kioo na nikaweza vizuri sana. Kwa Kiingereza aibu inakuwa kama ya mtu mwingine, kama zoezi la ufahamu lenye maswali chini. Kwa Kiswahili inakuwa yangu. Lakini mama Sikudhani hajui Kiingereza.

Nikaenda magharibi, ili nisikute wateja. Nilisahau kuwa ni Ramadhani. Nafika tu, adhana hiyo. Fundi na wajukuu wamekaa mkekani: uji wenye pilipili manga, tambi, viazi vya nazi, kaimati zinang'aa kwa shira. Akasema karibu mwanangu, mgeni wa futari ni baraka, vua viatu.

Sasa mtu hajanywa maji tangu alfajiri, ameshona nguo za Idi mchana kutwa, utamletea habari za kiuno chako? Nikakaa. Nikala. Mimi mwenyewe niko Kwaresima, nimeacha soda. Kaimati si soda.

Baadaye akauliza nilikuwa na shida gani. Nikasema nimekuja kumsalimia tu. Akaguswa hadi akanifungia kaimati nyingine za mama. Hazikufika.

Jumamosi, 7 Machi

Alhamisi nilirudi kukiri. Tambi.

Ijumaa nilirudi kukiri. Magimbi, na samaki wa kukaanga kutoka Mtera.

Leo niliandika maneno kabisa kwenye karatasi: "Mama, kuhusu ile namba." Wajukuu walikuwa wameniwekea nafasi, na kibakuli changu kina alama ya uzi mwekundu. Shira ikanimwagikia mkononi. Nikajifutia ile karatasi.

Kitu kimoja. Mama Sikudhani siku hizi ananitazama tumboni nikiwa nakula. Anafumba jicho moja, kama anatunga uzi kwenye sindano. Nadhani ameanza kuona mabadiliko.

Jumanne, 10 Machi

Themanini na sita!

Mzee Bartolomayo alitangaza kwa furaha kama mimi ni mzigo wake mwenyewe. Akamwambia karani: hili gunia limetunzwa vizuri, halina mdudu. Nikakimbilia kwa Kocha. Kocha akanifinya mkono, akasema huo ni msuli, msuli una uzito. Nimekubali papo hapo. Sijui msuli umekaa wapi, lakini upo.

Apolinari amepungua kilo nne. Hakuwa anataka! Mama yake alifika jimu leo na kanga moja begani, akamfokea Kocha kuwa anamkausha mtoto wake kama mchicha, na kwamba shule imeisha, sasa mnataka na mwili uishe? Sijawahi kumwonea mtu wivu namna ile.

Mbinu ya kwaya: kujizoeza kuimba bila pumzi. Nilijifunga kanga ya mama tumboni chini ya shati, nikakaza. Mazoezini nilipofika katikati ya ubeti nikaona nyota. Apolinari akaimalizia mistari iliyobaki, hata hakungoja nianguke vizuri. Angelina aliniletea maji. Akauliza kama naogopa Jumapili. Nikajibu hapana kwa sauti ya kwanza.

Mwalimu wa kwaya kaniita pembeni. Nikiishiwa pumzi tena, ubeti ni wa Apolinari.

Jumamosi, 14 Machi

Suti zimekuja. Angelina amezigawa, kila moja kwenye mfuko wenye jina. Wote walijaribu palepale vestri, chumba cha kanisa cha kubadilishia nguo. Mimi nilisema nataka iwe sapraizi. Apolinari akasema itakuwa sapraizi hasa, akawashauri watu wa mstari wa mbele wavae miwani.

Niko nyumbani. Mfuko uko juu ya kiti. Mimi niko juu ya kitanda. Tunatazamana.

Nilikwenda kwa fundi kukiri kwa mara ya mwisho, japo haisaidii tena. Nikaanza kabisa: mama, kesho. Akanikatiza, akasema kesho itajifanyia mambo yake, sogeza kibakuli.

Nimeficha pini sita na mkanda wa baba kwenye begi. Mungu anajua nautaka ule ubeti. Sikuwahi kumwambia mtu. Shuleni nilinyamaza miaka minne hadi mwalimu mmoja akadhani nimehamia juzi. Kwenye ubeti ule nina mistari minne ya kusikika.

Jumapili, 15 Machi

IMEINGIA!

Niende polepole. Tulifika Mlali saa nne. Wavulana tulibadilishia nguo kwenye darasa la shule ya jirani. Nikangoja wote watoke. Nikafumba macho. Nikavuta suruali, nikabana tumbo, nikashika kifungo kama mtu anayeshika waya wa umeme.

Kikafunga. Bila ugomvi! Vidole viwili vikaingia ndani na kucheza. Nikachuchumaa. Nikainuka. Nikachuchumaa tena. Hakuna kilicholia. Inchi nne zimeondoka! Mzani wa mzee Bartolomayo ni mwongo. Suruali haidanganyi.

Nikaimba. Sijui niandike nini. Nilivuta pumzi na hewa yote ya Mlali ikashuka hadi kwenye nyayo. Sikujua nina sauti ile. Mstari wa tatu bibi mmoja wa mbele akasimama akapiga vigelegele, na mimi sikukimbia. Nilimaliza mistari minne yote mwenyewe.

Apolinari, maskini. Suruali yake ilishonwa kwa kiuno cha mwezi uliopita. Alianza kuishikilia kwa kiwiko. Kiitikio kinasema tuinue mikono. Kwaya nzima ikainua miwili. Yeye akainua mmoja.

Wenyeji walitupa wali na kuku wa kienyeji. Nilikula kama mtu wa thelathini na nne, yaani bila hofu. Angelina akapita na sahani yake, akasema Elieza, kumbe unaweza, halafu suti imekukaa.

Nikasema: "Ni jimu." Kwa sauti yangu mwenyewe. Nzito!

Jumatatu, 16 Machi

Mama alikuwa anapiga suti pasi. Akaniita. Ndani ya mkanda wa suruali kuna namba ya chaki ya fundi: 40.

Nikamwambia hiyo ni namba ya kiwandani. Mama akasema kiwanda gani kinaandika kwa chaki.

Nikaenda kwa mama Sikudhani, mapema kabla ya adhana. Kabla sijasema neno, alicheka mpaka akatoa pini mdomoni asije akazimeza. Akasema ameshona miaka ishirini, vijana wote hupungua mbele ya daftari. Ile siku aliliacha daftari liseme lake, yeye akashika thelathini na nane kichwani. Kisha nikaanza kuja futari. Kila jioni akawa ananitazama na kuongeza kidogo, nusu inchi kwa magimbi, nusu kwa kaimati, na kitambaa hakukikata hadi siku tatu za mwisho. "Mwanangu, mimi nimekupima kila siku kwenye mkeka wangu." Apolinari ndiye hakuwahi kumwona tena.

Basi ile hewa ya Mlali aliniwekea yeye. Niliona aibu. Aibu ya kweli, ya Kiswahili. Nikamshukuru, nikamwambia kuanzia leo nitasema kweli, hata kama kuna watu. Akasema amina.

Aibu ilidumu kama dakika nne.

Angelina akaingia na daftari. Kumbe kuna suruali nyeupe za Pasaka, na tunaanza na watu wa sauti ya tatu. Mama Sikudhani akanizungushia tepu. Safari hii hakutangaza. Alininong'oneza tu sikioni: arobaini, baba. Akarudi nyuma, akaningoja.

Angelina akafungua ukurasa mpya. Akanitazama. Kalamu tayari.

"Andika thelathini na mbili," nikasema. "Nimeongeza siku za jimu."

Angelina akaandika. Mama Sikudhani akachukua chaki, akaandika kitu kwenye kiganja chake, akafumba mkono. Adhana ikaanza. Wajukuu wakaleta kibakuli chenye uzi mwekundu.

Nimekula kidogo tu. Kaimati tisa.