Ombi la Kufungwa kwa Njia ya Mtu Mmoja

Mheshimiwa Mkuu wa Hifadhi ya Mlima Bapa,

KUHUSU: OMBI LA KUIFUNGA, KUIPANUA AU KUILAZA CHINI NJIA YA MTU MMOJA, KABLA YA JUMAMOSI

Pokea salamu zangu za dhati. Natumaini u mzima wa afya, na kama una baiskeli, natumaini nayo ni nzima kuliko iliyopo nyumbani kwangu.

Nianze kwa kujitambulisha. Mimi ni mwalimu wa udereva mstaafu. Hapa mjini wananiita Mwalimu Kioo, kwa sababu hakuna aliyepita mikononi mwangu bila kuambiwa atazame kioo kabla ya kufanya lolote. Nimetii alama za barabarani maisha yangu yote, hata zile zilizokwisha kuanguka. Mke wangu ni karani wa mahakama. Kazi yake ni kushika mafaili, kuita majina na kuwaambia watu "Kimya!" hakimu anapoingia. Ni mama wa heshima zake, mama mkwe wa wanaume wawili wenye ndevu. Nakuandikia kukuomba unirudishie mama huyo.

Sina ugomvi na mlima wenyewe. Umekaa pale jangwani peke yake, juu bapa kana kwamba umepigwa pasi, ubavuni umekatwa wima, na jioni unageuka mwekundu, watu wanaupiga picha na kwenda zao. Huo ndio utumizi sahihi wa mlima. Ninacholalamikia ni kile kijia kinachotoka juu kabisa, kikapita ukingoni mwa genge, kikateremka kwa ngazi za miamba na kona za changarawe mpaka getini. Kwa upana, mbuzi wawili hawapishani pale bila mmoja kuomba radhi. Watu wazima wanakishuka kwa baiskeli, kwa hiari yao, na wakifika chini salama hawashukuru Mungu wakaenda nyumbani. Wanapanda tena.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Kibao. Pale getini umeweka kibao cha rangi ya kijani kilichoandikwa NJIA YA MTU MMOJA. Siku ya kwanza tulipofika mimi na mke wangu, kila mmoja na baiskeli ya kukodi, nilikisoma mara mbili, nikamwambia kwa upole, "Mama, hapa hatuingii wote. Sheria inasema mtu mmoja." Akasema, "Basi nisubiri, narudi sasa hivi." Mheshimiwa, hiyo "sasa hivi" mpaka leo haijaisha. Kila Jumamosi yeye huingia, mimi hukaa ndani ya gari kivulini mwa geti nikiwa nimeshika mwavuli na chupa ya maji kama mtu aliyeleta mgonjwa.

Nilimuuliza mlinzi wako huyo mtu mmoja mwenye njia ni nani, ili nikamwombe ruhusa. Mlinzi alicheka mpaka akashika ukuta. Alipopata pumzi akanieleza kwamba maana yake watu huenda mmoja nyuma ya mwingine. Maelezo hayo siyakubali. Mmoja nyuma ya mwingine ni "mmoja mmoja". Neno limeachwa, na kwa neno moja lililoachwa nimekaa nje miezi na miezi. Dada yangu anadai kibao ni kisingizio na kwamba ninaogopa. Siogopi. Nasoma.

2. Mawe. Barabarani, kizuizi chochote hupakwa rangi, hutanguliwa na alama, na usiku huwekewa taa. Mawe yako hayana chochote. Yana majina tu, tena ya utani: kuna Jino la Bibi, kuna Kinyozi (linanyoa magoti), na kuna moja linaitwa Samahani, kwa kuwa hakuna aliyelifikia bila kulitamka neno hilo. Jambo hili mimi sikuambiwa. Nilichokisikia ni mke wangu akizungumza kwenye simu jikoni, akicheka, akisema, "Yaani leo Samahani ameniachia! Wiki zote ananikatalia, leo nimemwendea taratibu, nikalegeza mwili, nikapita juu yake kama siagi."

Weka mkono kifuani, Mheshimiwa, uniambie wewe ungefanya nini. Nilimwendea kinyozi wangu, yule binadamu, nikamuuliza kama anamfahamu mwanamume yeyote mjini anayeitwa Samahani. Akaniuliza ni fundi wa nini. Niliteseka hivyo mpaka Jumamosi, ndipo mlinzi akanionyesha kwa kidole: lile pale, mzee, lenye alama za tairi kichwani. Ni kweli kwamba ni jiwe. Lakini silifuti lalamiko, kwa sababu mwanamume unaweza kumwita mbele ya wazee akajieleza. Jiwe utaliita wapi?

3. Usalama barabarani. Njia yako haina kikomo cha mwendo. Haina kioo kwenye kona hata moja. Kuna mahali kijia kinapinda kulia huku kikiinamia kushoto, jambo ambalo nimelichora ubaoni na likanishinda. Zaidi ya hayo, kuna suala la mkao. Nimeazima darubini ya jirani yangu na nimeshuhudia: wakiifikia ngazi ya mwamba, hawakai kwenye kiti. Wanasimama juu ya pedali, magoti yamepanuliwa, viwiko nje, na sehemu ya mwili ambayo Mungu aliiumba kwa ajili ya kukalia imetupwa nyuma ya kiti, inaning'inia juu ya tairi. Narudia kwamba tunamzungumzia mama mkwe wa watu.

Na breki! Nimefundisha watu kukanyaga breki kwa utulivu na mapema. Huko kwako nasikia breki inabembelezwa kwa kidole kimoja, na kwamba mahali pengine anayefunga breki ndiye anayeanguka. Maneno haya yakiwafikia wanafunzi wangu wa zamani, nchi itajaa vilema.

4. Kelele. Mwanamke huyu huyu anayelipwa na serikali kunyamazisha watu, akifika kwenye mteremko ule wa mwisho hupiga ukelele unaofika getini kabla yake. Ni "Mama weeee!" moja ndefu, haina hofu ndani yake hata chembe. Nikiwa ndani ya gari na vioo nimefunga, naisikia. Mlinzi hunitazama, nami hujifanya natafuta kitu chini ya kiti.

Nitasema ukweli kwa kuwa barua hii ni ya heshima: sauti ile inanichoma. Nimeoana naye muda mrefu, tumejenga, tumelea, tumeoza mabinti wawili, na sikujua kama sauti ile anayo. Mtu unaweza vipi kuishi na mtu, ukajua mpaka anavyokunja shuka, halafu kumbe alikuwa na kitu kama hicho na mlima ndio umekitoa?

5. Nyumbani kumeharibika. Baiskeli inalala sebuleni, na mimi ndiye ninayeambiwa nisiiguse. Beseni la kufulia sasa ni la kuogeshea mnyororo. Mswaki wangu wa akiba umepelekwa kwenye gia bila mimi kuombwa. Mkwe wetu mkubwa alipokuja kutusalimia, kabla hata hajapewa chai, alionyeshwa kidonda cha gotini, akaelezwa ni jiwe gani, kona ipi, na kosa lilikuwa nini. Kijana wa watu alitazama sakafu, akasema, "Pole sana, mama." Mama akajibu, "Pole ya nini? Hongera!" Na la kusikitisha kuliko yote ni kwamba anazidi kuwa kijana. Juzi muuza duka alimwita dada, na mimi akaniamkia.

6. Hapa ndipo penye kiini. Umetangaza mashindano ya wawili wawili, na uandikishaji unafungwa Jumamosi hii. Mke wangu aliliweka tangazo mezani, akalilaza mbele ya sahani yangu, akasema taratibu, "Baba, nataka kwenda na wewe. Kama hutaki, usinizungushe. Wifi yuko tayari." Wifi huyo ni dada yangu wa damu, mlezi wa bweni la wasichana, ambaye familia nzima humwita Tingatinga. Yeye hakusoma kibao. Siku yake ya kwanza alipita pale getini kana kwamba geti ni la baba yetu, akaanguka mara nyingi, akainuka mara zote, na sasa wao wawili hucheka vichekesho ambavyo mimi lazima nielezewe, na nikielezewa havichekeshi.

Hivyo, Mheshimiwa, usipopatikana ufumbuzi kabla ya Jumamosi, jozi ya mke wangu itakuwa na mtu, na mtu huyo hatakuwa mimi. Nitakuwa ndani ya gari na mwavuli.

Kwa sababu hizo naomba moja kati ya mambo haya, nikianza na lililo jepesi kwa ofisi yako. Kwanza, uifunge njia mpaka Jumatatu kwa kisingizio chochote, hata ukisema imepata mafua. Ikishindikana, uipanue ili watu wawili waende bega kwa bega wakizungumza, uitie lami, uweke kingo, taa na tuta moja dogo kwa ajili ya wale wanaopenda misukosuko. Samahani aondolewe alfajiri bila kelele, apelekwe mkoa mwingine. Na kama yote hayo hayawezekani, basi mlima wenyewe upunguzwe. Sisemi uondolewe. Upunguzwe tu, ufike kimo cha meza ya kawaida, ili jina lake na umbo lake viendane na mtu wa rika langu. Upepo peke yake, bila bajeti wala kamati, uliweza kuukata kichwa. Sioni ofisi nzima ikishindwa na shingo.

Nisalimie wafanyakazi wako wote, fundi wa baiskeli za kukodi, na mlinzi wa geti, mwambie ubavu ukiacha kumuuma kwa kunicheka aniambie. Wasalimie na walio nyumbani kwako. Kama mwenzi wako naye hushuka njia hiyo, usimsalimie kwa niaba yangu mpaka tuonane, tulie pamoja.

Nabaki kuwa mtii wa vibao vyote, vikiwemo vilivyokosewa,

Mwalimu Kioo,
Mume wa karani wa mahakama

N.B. Mheshimiwa, naongeza haya leo Ijumaa mchana, nimekaa juu ya jiwe, uniwie radhi kwa mwandiko.

Nilimpa mlinzi barua hii asubuhi akaikataa. Alisema, "Malalamiko yanapelekwa juu, mzee." Nilidhani ana maana ya wizarani. Kumbe ofisi yako iko juu, kileleni, na gari haifiki. Mke wangu alikuwa kazini na baiskeli yake ilikuwa tayari kwenye buti la gari kwa ajili ya Jumamosi, nikaisukuma mpaka juu huku nikikutungia lalamiko la saba. Mlangoni kwako nikakuta karatasi: NIMESHUKA, NARUDI. Nikangoja, hukurudi. Jua likawa kali, na njia ya kurudi ilikuwa ni ile ile moja.

Nilikusudia kutembea. Nilipanda kidogo tu pale penye tambarare, ili nipumzishe miguu. Sikumbuki ni nani aliyeachia breki, na juu ya baiskeli nilikuwa peke yangu. Makalio yalikwenda nyuma ya kiti yenyewe, bila kuelekezwa. Ile kona niliyoshindwa kuichora, inapitika! Unaitazama mbele, mwili unalegea, tairi linajua lenyewe. Kwa Jino la Bibi nilifumba macho, kwa Kinyozi nilinyolewa, na nilipofika kwa Samahani nilimwomba samahani kwa sauti na akaniachia, Mheshimiwa, ameniachia! Magurudumu yote mawili yaliacha ardhi. Hapo nikasikia mtu akipiga ukelele, nikageuka kumtazama nani huyo asiye na adabu. Hakukuwa na mtu.

Nimempigia mke wangu simu kazini. Nikamwambia, "Mama, nimeshuka." Akanong'ona, "Umeshuka kwenye gari?" Nikamwambia la, nimeshuka kutoka juu. Kisha akapiga ile sauti yake palepale mahakamani, na naambiwa hakimu amesimamisha kesi. Dada yangu naye ameshapewa habari. Amenuna kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai, halafu amemchukua mlinzi wako kuwa jozi yake.

Kwa hiyo yafute yote niliyoandika huko juu. Usifunge, usipanue, jiwe lisiguswe hata moja, mlima ukiweza uongezwe. Barua bado iko mfukoni mwangu kwa kuwa wewe hukuwepo, hivyo kesho itabidi niilete tena, na mke wangu atakuwa mbele yangu kuniongoza. Tafadhali tuandikishe sisi wawili, jozi moja, kabla hujafunga daftari. Na ukishatuandikisha, nakuomba kwa heshima zote, ili tupate sababu ya kushuka tena, utuambie lile neno ambalo ofisi nyingine hutuambia bila hata kuombwa: njooni kesho.